Mtukutiko wa kwanza kwa mtu mzima: nani apigwe picha ya ubongo leo, na nani anaweza kusubiri?

Tabibu wa Eastlands anauliza:

Wenzangu, hamjambo. Ninahudumu katika hospitali ndogo ya umma upande wa mashariki wa Nairobi. Hatuna mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya kichwa kwa mionzi. Tuna eksirei, kipimo cha sukari, maabara ya kawaida, na gari moja la wagonjwa ambalo mara nyingi huwa limekwenda na mama mjamzito.

Juzi usiku aliletwa mwanamume wa miaka 38, msukuma mkokoteni wa Gikomba, ambaye hajawahi kuanguka maishani mwake. Mkewe anaeleza kwamba mkono wa kushoto ndio uliotangulia kuchezacheza, mdomo ukapinda upande huohuo, kisha mwili mzima ukatukutika kwa kama dakika mbili. Alipotufikia alikuwa amezinduka na kujibu maswali vizuri. Hakuwa na homa, shingo haikukaza, na sukari ilikuwa 5.4, yaani ya kawaida. Hatumii pombe wala hajaumia kichwa.

Familia iko tayari kuchanga pesa za picha, lakini inahofia kwamba zikiishia huko hazitabaki za dawa. Je, kila mtu mzima aliyetukutika mara ya kwanza apigwe picha? Na ikiwa ni lazima, CT inatosha au angojee foleni ya MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku?

Daktari wa wodi ya watu wazima:

Ndugu Tabibu, ulimhoji aliyeshuhudia, na hapo ndipo penye jibu lako. Mtukutiko ulioanzia upande mmoja wa mwili hutuambia kwamba kuna sehemu mahususi ya ubongo iliyochokozwa, na kwa mgonjwa huyu ni upande wa kulia. Mpeleke apigwe picha sasa, hata kama anaonekana mzima na anaomba kurudi kazini.

Wengine ambao hawapaswi kungoja ni wale ambao fahamu hazijarejea sawasawa, wenye udhaifu wa mkono au mguu, wenye homa au maumivu makali ya kichwa ambayo hawakuyazoea, walioumia kichwa, wenye saratani, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, na wote wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kwa kundi hili la mwisho, uvimbe wa kimelea cha toksoplasma, kifua kikuu cha ubongo na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu ni mambo ya kutafutwa siku hiyohiyo. Kipimo cha virusi huchukua dakika chache tu, nacho ndicho kinachobadilisha maamuzi kuliko kingine chochote mlicho nacho hapo. Inanishangaza kwamba hukukitaja.

Kuna ambao picha si jambo la kwanza kabisa. Aliyeshuka sukari apewe sukari. Mlevi aliyeacha pombe ghafla kwa siku moja au mbili ana sababu inayojulikana, ingawa mlevi huyohuyo huanguka na kuvuja damu kichwani, kwa hiyo mpapase kichwa kabla ya kuridhika. Aliyetoka safari ya Magharibi au Pwani apimwe malaria. Mama mwenye mimba kubwa au aliyejifungua hivi karibuni apimwe presha, na ikiwa ni kifafa cha mimba aanzishiwe magnesiamu papo hapo.

Aliyepona kabisa, ambaye hana dalili yoyote kati ya hizo, anaweza kupigwa picha baada ya siku au wiki chache. Miongozo ya madaktari wa neva wa Marekani ya mwaka 2007 inakadiria kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya kumi hukutwa na jambo zito kwenye picha baada ya mtukutiko wa kwanza. Makadirio hayo yametokana zaidi na wagonjwa wa nchi tajiri, kwa hiyo nisingeyatumia kumnyima mtu wa hapa kwetu barua ya rufaa.

Mpiga picha wa zamu ya usiku:

Naomba kuongeza la upande wetu. Fomu nyingi hutufikia zimeandikwa neno moja tu, "degedege", na baada ya hapo ni sahihi. Tukiandikiwa "mkono wa kushoto ulianza, hana homa, virusi hakuna, figo ziko sawa", daktari anayesoma picha anajua pa kukazia macho, nami ninajua mapema kama nitaweka dawa ya kung'arisha mishipa au la. Dawa hiyo inahitaji kipimo cha figo, na mgonjwa asiyekuja na majibu hurudishwa maabara na kupoteza nusu siku.

Kuhusu mashine, CT humalizika kwa dakika chache na huonyesha vizuri damu mbichi, chembe za chokaa na uvimbe mkubwa. Mionzi yake kwa kichwa ni kama milisiveti 2, kiasi ambacho hakipaswi kumtisha mtu mwenye sababu ya kupigwa picha. MRI haina mionzi na huona makovu madogo ambayo CT huyaruka, lakini inamtaka mgonjwa alale bila kujitikisa kwa nusu saa au zaidi. Kwa swali la usiku wa leo CT inatosha. MRI itafuata ikiwa CT haikuonyesha kitu na mitukutiko inaendelea.

Tafadhali waambieni pia wagonjwa wadai CD pamoja na ripoti. Filamu hufika kliniki ikiwa imekunjwa mara nne, na mikunjo hiyo hupita juu ya ubongo wenyewe.

Dada wa mgonjwa, Dandora:

Madaktari, shikamooni. Mimi si mhudumu wa afya. Kaka yangu alipigwa picha baada ya kuanguka mara ya pili, tukaambiwa dirishani kwamba "hana kitu". Nyumbani sote tulielewa kwamba hana ugonjwa, akaacha dawa, na wazee wakaanza kutafuta aliyemroga. Picha ikitoka safi, naomba Tabibu amweleze mke wa huyo bwana maana yake kabla hawajatoka langoni.

Daktari wa wodi ya watu wazima:

Marahaba, dada. Picha huonyesha umbo la ubongo, wala haionyeshi jinsi umeme wake unavyokwenda. Watu wengi wenye kifafa wana picha safi kabisa. Kipimo cha EEG, kinachosoma umeme wa ubongo, husaidia hapo, nacho pia kinaweza kuwa safi kati ya shambulio moja na jingine. Baada ya mtukutiko mmoja usio na kichochezi, uwezekano wa kurudia ndani ya miaka miwili hukadiriwa kuwa asilimia 21 hadi 45, na huwa mkubwa zaidi ikiwa picha ina kasoro. Ndiyo sababu picha ya huyu bwana inaweza kuamua kama ataanza dawa sasa au tutamwangalia kwanza.

Tabibu wa Eastlands:

Ahsanteni nyote. Kipimo cha virusi hakikuonyesha maambukizi. Amepigwa CT katika hospitali ya rufaa: upande wa kulia mbele kuna kifuko kidogo chenye nukta ndani yake, kimezungukwa na uvimbe, na kwingineko kuna chembe mbili za chokaa. Alikulia Busia, ambako nguruwe huzurura, ila anaapa kwamba hajawahi kula nyama hiyo. Nimwanzishie albendazoli, dawa ya minyoo, leo?

Daktari wa wodi ya watu wazima:

Usianze leo. Hayo ni mabuu ya tegu wa nguruwe, mnyoo bapa wa tumboni, nayo hayaingii ubongoni kwa kula nyama. Aliye na tegu tumboni hutoa mayai kwenye choo, mayai yakafika kwenye chakula, maji au mikono ya mtu mwingine. Kwa hiyo hata asiyemgusa nguruwe huugua. Mabuu yakiuawa kwa pamoja uvimbe huongezeka, basi albendazoli hutanguliwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na kabla ya zote mbili achunguzwe macho, kwa kuwa buu likifia ndani ya jicho linaweza kumpofusha. Dawa ya kifafa mwanzishie sasa, umpe barua ya kliniki ya neva, na umwambie mkewe alete vipimo vya choo vya wote wanaokula jikoni mwake.