Kioo cha mlango wa oveni kimekuwa kahawia, nakisafishaje bila dawa kali?

MamaKekiTabata:
Habarini wadau, naombeni msaada maana nimechoka. Nina jiko la gesi la pleti nne lenye oveni chini, nililinunua mtumba mwaka jana kwa mtu aliyekuwa anahama, linapiga kazi vizuri tu ila kioo cha mlango kwa ndani kimekuwa kahawia kama chai ya rangi, hata taa ikiwaka sioni kitu. Mi naoka keki za oda, sasa kila nikitaka kuchungulia inabidi nifungue mlango na mnajua ukifungua kabla katikati haijashika keki inakaa chini kama tairi yenye pancha. Wiki iliyopita nimerudisha hela ya mtu kwa sababu hiyo hiyo. Nimesugua na sabuni ya vyombo mpaka bega linauma, wapi! Dukani kuna ile dawa ya kupuliza ila nina mtoto wa miezi nane na tunalala chumba cha pili tu hapo, harufu yake naiogopa. Hamna njia ya vitu vya jikoni tu, siki, limau, chochote?

mzee_wa_pilau:
Rudi kwenye mkaa juu na chini kama bibi zetu, sufuria halina kioo 😂😂

Bi_Nuru_Tanga:
We mzee acha utani mtu yuko na oda. Dada, chukua beking soda, narudia SODA sio beking pauda na wala sio hamira, maana kuna shoga yangu alinipigia simu analalamika haifanyi kazi kumbe kapaka hamira kwenye kioo mpaka jikoni kukanuka kama kiwanda cha mikate. Nusu kikombe cha soda, maji vijiko vitatu vya chakula, ukiona bado kavu ongeza kidogo kidogo mpaka iwe kama dawa ya meno. Oveni iwe imepoa KABISA. Fungua mlango ulale wazi, paka nzito kwenye kioo, usipake kwenye ule mpira wa pembeni wala kwenye matundu ya mlango. Mi napaka usiku nikimaliza vyombo naacha mpaka asubuhi, ila kama huwezi kulala mlango uko wazi basi hata saa moja inasaidia. Asubuhi unalowanisha dodoki unasugua kwa kuzungusha, unafuta, kisha ndo unapulizia siki kidogo kutoa ule weupe unaobaki. Dodoki lile la mti, sio stilwaya.

Kibakuli77:
Mi nachanganya siki na soda pamoja kwenye bakuli, linavyochemka lile povu ndo linang'oa uchafu, dakika tano tu umemaliza. Kusubiri mpaka asubuhi ni kujitesa.

ticha_wa_maabara:
Mkuu hapo povu linakudanganya. Siki ni asidi, soda ni besi, ukizikutanisha kwenye bakuli zinamalizana zenyewe kwa zenyewe, kinachotoka ni kabonidayoksaidi na kinachobaki ni maji yenye chumvi chumvi, hakina nguvu tena ya kukata mafuta. Labda povu likusaidie kulegeza kitu kilichoshaanza kubanduka basi. Ndo maana Bi Nuru kasema soda kwanza, siki baadaye, hiyo ndo yenyewe. Na sababu sabuni ya vyombo imeshindwa ni kwamba yale sio mafuta tena, mafuta yakipigwa na moto kila siku yanagandana yanakuwa kama vanishi kwenye fanicha, yanataka kitu chenye asili ya magadi kikae juu yake MUDA mrefu. Kingine, wapo watu wakiona siki imechelewa wanamwagia na jiki, usijaribu kabisa, siki na jiki zinatoa gesi ya klorini na ww una mtoto mchanga humo ndani.

shangazi_wa_Pangani:
Mmetaja magadi mkanikumbusha, sisi soda hiyo hatukuijua, yale magadi ya kuwekea makande ndo tulikuwa tunasugulia masufuria yenye ukoko. Mwanangu jaribu, ni makali kuliko hiyo soda yenu ya kopo.

ticha_wa_maabara:
Shangazi shikamoo. Ni kweli ni makali zaidi, ila yale ya sokoni yana mchanga, ukiyasugua hivyo hivyo kwenye kioo yanaacha mikwaruzo, na kioo cha oveni kikishakwaruzika kinaweza kuja kupasuka kikipata moto. Akitaka ayaloweke, ayachuje na kitambaa, atumie yale maji tu na avae glavu. Na yasiguse trei za alumini, zitakuwa nyeusi.

shangazi_wa_Pangani:
Marahaba. Kuchuja hilo nakubali, tulikuwa tunachuja hata kwa chakula.

fundi_majiko_Buguruni:
Dada kabla hujalaumu soda angalia kitu kimoja, weka kidole kwenye doa kwa ndani halafu kwa nje. Kama pande zote mbili ni laini na doa bado unaliona, basi uchafu uko KATIKATI, maana milango mingi ina vioo viwili na mafuta yanapenya kwenye matundu ya juu. Hapo upake soda mwaka mzima haitoki, ni kufungua skrubu tu. Mlango wenyewe mara nyingi unatoka, kwenye bawaba kuna vilechi viwili unavigeuza kisha unaunyanyua, ila usipofunga hivyo vilechi springi inajirudi inakubana vidole, mi kucha yangu moja iliondoka hivyo. Laza mlango juu ya blanketi, piga picha skrubu kabla hujatoa.

MamaKekiTabata:
Jamani nimerudi. Nimefanya ya Bi Nuru jana usiku, kabla ya hapo nikaweka bakuli la maji na malimau mawili yaliyokamuliwa ndani ya oveni moto mdogo nusu saa kulainisha, nikaacha ipoe ndo nikapaka. Asubuhi uchafu ulikuwa unatoka kama matope, upande wa ndani umekuwa mweupe peee, pembeni tu ndo nimerudia mara ya pili kwa mswaki. Ila fundi uko sahihi, kuna michirizi miwili mirefu haishikiki popote. Mume wangu kafungua skrubu jioni hii, tumekuta mafuta na mende mmoja mkavu, sijui aliingia lini, nimenyamaza maana nikikumbuka keki zote nilizooka humo. Nimepaka soda hapo napo, mlango uko sebuleni juu ya blanketi na kesho saa nne nina oda ya kilo mbili.

mzee_wa_pilau:
Huyo mende usimtaje kwa wateja.

fundi_majiko_Buguruni:
Kioo cha ndani kikauke vizuri kabla hujakirudisha, ukifunga na unyevu kesho utaona ukungu utadhani ni uchafu umerudi.