Safari ya kwanza ya kikazi ng'ambo: nitauonaje mji?

Swali:
Ndugu wanajamvi, mwajiri wangu ananituma nje ya nchi kwa mara ya kwanza kuhudhuria mikutano, nami natamani kuuona mji wenyewe badala ya kuishia hotelini na ukumbini. Nifanyeje bila kuathiri kazi iliyonipeleka?

Jibu la kwanza:
Hongera sana, ndugu. Ukifika mchana, usikimbilie kitandani hata kama umechoka. Tembea kwa miguu mitaa ya karibu, kwani mwanga wa jua husaidia kuirekebisha saa ya mwili, ambayo kwa kawaida hutaabika zaidi mtu anaposafiri kuelekea mashariki. Pakua ramani kwenye simu mapema ili uitumie bila intaneti, na uweke alama mahali hoteli ilipo.

Jibu la pili:
Naafiki, lakini mimi ningeipa asubuhi uzito zaidi. Mikutano mara nyingi huvuka muda, na wenyeji wakikualika chakula cha jioni si vyema kukataa, ilhali alfajiri ni yako peke yako: maduka yanafunguliwa, barabara zinafagiliwa, watu wanawahi treni, na unauona mji ukiishi maisha yake. Kagua pia siku za makumbusho, kwa sababu mengi ya Ulaya hufungwa Jumatatu, na Louvre ya Paris hufungwa Jumanne.

Jibu la tatu:
Ukitaka kuongeza siku baada ya mikutano, hakikisha viza yako inaruhusu, kisha muulize mwajiri kama bima ya safari inakulinda nje ya saa za kazi.