Kwani uliipandisha mlima?? Hivi huyu jamaa anauza pikipiki Mwanza ipi?

Mkulima wa Lami

Wakuu, nimetoka dukani kwake sasa hivi, mikono inatetemeka. Mkiona herufi zimerukana msiniulize.

Mwenyewe mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule yule aliyezungusha gari la matangazo mji mzima, spika zinasikika mpaka Kisesa, wacheza ngoma juu wamevaa fulana za bure, "toleo jipyaaa, toleo jipyaaa". Yule mwenye kiyoyozi dukani na maji ya chupa ndogo kwa kila mteja. Niliyanywa yale maji. Nikipiga hesabu vizuri, yamenigharimu karibu milioni tatu.

Chuma ni mpya. Nailoni bado ipo kwenye siti, stika ya kiwandani bado ipo kwenye tanki. Dashibodi ya dijito, sehemu ya kuchajia simu, taa inamulika mpaka Ukerewe wanafunga mapazia. Kiki haina, stata tu, eti kiki ni mambo ya wazee.

Leo asubuhi nimempakia nesi anawahi zamu Bugando. Wa Mwanza mnaijua ile njia. Katikati ya mlima klachi ikaanza kuteleza, injini inapiga kelele mpaka watu wanatoka madukani, tairi la nyuma limegoma kabisa. Harufu ya kuungua ikapanda, nesi kaziba pua na kitambulisho. Ikazima. Nabonyeza stata, dashibodi inawaka herufi za bluu, inanikaribisha. Inanikaribisha wapi?

Pembeni ikaja Sanlg. Namba haisomeki, saiti mira hata ya dawa haina, indiketa imefungwa kwa mpira wa tyubu, nyuma gunia la mkaa. Dereva kavaa kandambili. Nesi akaniangalia, akaliangalia gunia, akapanda. Na ile sare nyeupe! Aliona heri mkaa.

Hilo nimesamehe, mtu ana zamu yake.

Nikageuza, mteremko ukanisaidia, huko mbele nikasukuma mpaka dukani. Kijana wa mapokezi akamwita bosi. Bosi katoka, hakuinama, hakuigusa, hata tairi hakulipiga teke. Kaweka mikono mfukoni, kaniuliza:

"Kwani uliipandisha mlima?"

KWANI. ULIIPANDISHA. MLIMA.

Mwanza jamani! Mji ambao nyumba imekaa juu ya jiwe, choo kimekaa usawa wa paa la jirani, mtoto akiangusha mpira Isamilo unaufuata sokoni. Nilitakiwa niipitishe wapi, ziwani?

Nikaulizia waranti. Akasema ipo, tena nzuri. Ila haihusu klachi, haihusu betri, haihusu taa, haihusu tairi, na haihusu matumizi mabaya. Matumizi mabaya ni yapi? "Mfano hiyo ya kuipandisha mlima."

Sasa inahusu nini, honi?

Ushauri wangu ni mfupi: vipya vya siku hizi ni utapeli, chukueni used. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila asiniulize kuhusu mlima.

Uzi tayari.

Bint Sengerema

Pole sana mkuu. Kwani uliipandisha mlima?

Nyuki Dume

Naunga mkono swali la dada hapo juu. Mleta uzi ajibu kwanza ndiyo tuendelee.

Mkulima wa Lami

Nyie hamna utu kabisa.

Kijiwe Cha Buzuruga

Mkuu, toleo jipya halinunuliwi na mtu mwenye akili zake. Linaachiwa wenye pesa walijaribu. Ukitaka kujua pikipiki nzuri nenda kijiweni ukae, hesabu zilizopaki. Boda hana mapenzi na kampuni, ana hesabu ya tajiri elfu kumi kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Ukikuta kijiwe kizima ni Boxer na TVS siyo ushabiki. Ni kwamba ikikufia Sengerema ndani ndani huko saa mbili usiku, spea unaipata kwa mama anayeuza vocha. Hilo dude lako ukivunja mkono wa klachi unasubiri kontena.

Mkulima wa Lami

Mkono wa klachi ni mzima. Klachi yenyewe ndiyo marehemu. Na hujasikia alivyoniuliza, ungelia.

Bila Picha Ni Chai

Picha iko wapi?

Mkulima wa Lami

[picha imeambatishwa]

Bila Picha Ni Chai

Umepiga siti tu. Hii ni picha ya nailoni.

Shemeji wa Wote

Toa hiyo nailoni mkuu, abiria anateleza. Nesi hakukimbia pikipiki, alikimbia siti.

Fundi Oili Chafu

Nimesoma uzi wote hakuna aliyegusa tatizo. Mkuu, ilikuwa na oili gani?

Mkulima wa Lami

Waliyoweka wao. Mimi hata kifuniko sijakigusa.

Fundi Oili Chafu

Basi anzia hapo. Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, siyo gari hiyo. Ukimimina oili ya gari yenye dawa ya kupunguza msuguano, plate (zile sahani za ndani ya klachi) zinateleza, maana kazi ya plate ni msuguano. Ndiyo maana chupa ya oili ya pikipiki huandikwa JASO MA au MA2. Nenda kaombe uone chupa waliyomimina, soma mgongoni.

La pili: waya wa klachi. Ukifungwa umekazwa sana bila kuachiwa uchezo, plate hazikutani sawasawa. Tambarare hujui kitu, mlima unakuumbua. Watu mnadhani mpya maana yake imetoka kiwandani imekamilika. Nyingi zinakuja kwenye boksi, tairi kando, usukani kando, zinafungwa hapa hapa na kijana anayelipwa kwa idadi na anataka kuwahi mechi. Halafu kwenye kilomita za mwanzo injini mpya inajisaga, unga wa chuma unabaki ndani ya oili. Ndiyo maana oili ya kwanza humwagwa mapema, mara nyingi kwenye kilomita 500. Nani kakwambia hayo dukani? Walikupa maji ya chupa.

Mkulima wa Lami

Hakuna aliyenieleza chochote! Nimeelezwa jinsi ya kuunganisha simu!! Na yule bosi kama angejua hayo ya waya si angeinama tu aangalie? Alishindwa nini? Mikono ilikuwa mfukoni muda wote. Kinachoniuma siyo klachi wakuu, ni ile mikono.

Mteja Mwaminifu

Habari wanajukwaa. Mimi ni mteja wa kawaida tu. Nimelitumia toleo hili jipya kwa muda mrefu sana na halijawahi kunisumbua. Duka husika lina huduma bora na wafanyakazi wachangamfu. Tatizo ni baadhi ya wateja kutozingatia maelekezo.

Nyuki Dume

Akaunti imefunguliwa leo. Muda mrefu gani huo, tangu chai ya saa nne?

Bint Sengerema

Bosi ni wewe. Toa mikono mfukoni uchape vizuri.

Mzee wa CG

Vijana hamtaki historia. Honda walipoleta CG125 mwaka 1976 walikuwa wameshamjua mteja wao: mtu anayepakia familia nzima, hamwagi oili mpaka igeuke uji, hajawahi kukaza mnyororo wa taimingi na hajui uko wapi. Wakautoa huo mnyororo, wakaweka vijiti vya kusukuma valvu. Hakuna cha kukaza, hakuna cha kuruka. Wachina wakainakili injini ile, na hiyo Sanlg iliyokunyang'anya nesi ni mjukuu wake. Mmeletewa pampu ya mafuta ndani ya tanki inayotaka umeme, kiki imetolewa, betri ikilala na wewe unalala. Kabureta ikiziba unaifungua na bisibisi, unapuliza kwa mdomo, unaondoka. Sasa pampu nayo utaipuliza?

Mkulima wa Lami

Mzee umeongea. Used ndiyo mpango.

Mpole wa Nyegezi

Used??? Naomba nafasi.

Mimi nilichukua used. Naambiwa ni ya mwalimu mstaafu, alikuwa anaendea kanisani tu Jumapili. Saa inasoma kilomita elfu nne na kidogo. Nikafurahi. Fundi kuifungua, pistoni imelika, ringi hazitambuliki, boksi la gia limejaa vipande. Ndiyo nikaelezwa kwamba saa ya tarakimu tano ikifika 99,999 inarudi sifuri inaanza upya. Huyo mwalimu alikuwa anasali Roma?

Kadi sasa. Kadi ina jina la mtu wa Kahama, aliyemuuzia mtu wa Shinyanga, aliyemuuzia mwalimu, wote hao hakuna aliyehamisha umiliki TRA. Mwenye jina nimempata: amefariki, na ndugu wanaiulizia pikipiki.

Wewe umeulizwa kama uliipandisha mlima. Mimi nimeulizwa kama nilimjua marehemu.

Kijiwe Cha Buzuruga

😂😂😂 Huyu kashinda uzi. Mleta mada mpishe.

Fundi Oili Chafu

Na wewe hukulinganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi kabla hujatoa pesa? Unaiwasha ikiwa ya baridi, siyo imeshapashwa moto kukusubiri. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Nunua na fundi wako, siyo fundi wa muuzaji.

Mpole wa Nyegezi

Fundi wangu alikuwepo. Nimekuja kujua ni shemeji wa muuzaji.

Mkulima wa Lami

Mpole pole sana, ila tusitoke nje ya mada. Wewe ulitapeliwa ukiwa umesimama na watu wa kawaida. Mimi nimedharauliwa ndani ya kiyoyozi. Mtu kaniangalia mimi, kaangalia mlima wa Bugando unaonekana pale pale nje ya dirisha lake, halafu kaniuliza...

Shemeji wa Wote

...kwani uliipandisha mlima.

Nduthi Migori

Wasee wa TZ poleni. Hata huku zimeingia hizo mpya za kumetameta. Jirani yangu alichukua moja kwa loan. Ikazima hata hajazoea gia. Sasa loan inakimbia, nduthi ndiyo imesimama. Jioni anatoka nje anaipangusa vumbi, anarudi ndani.

Bint Sengerema

"Loan inakimbia nduthi imesimama." Nimecheka mpaka bosi kaniita.

Kaka Inverta

Wakuu mnalilia pikipiki? Mimi friji. Jipya, lina stika ya nyota za kuokoa umeme, mlango unajifunga wenyewe taratibu. Limekaa, likaanza kunguruma usiku mpaka mwenye nyumba akagonga kuuliza nani anasaga mahindi. Nimelirudisha, fundi wao ananiambia labda nalifungua sana.

Nyuki Dume

Friji usilifungue sasa ufanye nini, ulipigie simu?

Mkulima wa Lami

Hao lazima ni ndugu na huyu wangu!! Mnaona lugha ni ile ile? Jamani turudi kwenye pikipiki.

Mama Dagaa Kirumba

Friji jipya nani kakutuma mwanangu? Chukua la mtumba, yale yaliyotoka Ulaya, mazito hayo, wanaume wanne wanalibeba wakitukanana. Langu nina miaka sihesabu, nalaza sato humo na wala halijawahi kuniangusha.

Kaka Inverta

Mama shikamoo. Hayo ya mtumba si yanakula umeme? Tokeni unaweka asubuhi, jioni mita inalia.

Mama Dagaa Kirumba

Marahaba. Linakula, sikatai. Na mume anakula, mbona hujamrudisha dukani.

Kijiwe Cha Buzuruga

Mama 😂😂😂

Fundi Oili Chafu

Kwenye friji la mtumba angalia mpira wa mlango. Bana noti mlangoni, ukiivuta ikatoka bila kushikwa, ujue baridi inatoka nje na umeme unaufuata.

Mkulima wa Lami

Modereta tafadhali, huu uzi ni wa pikipiki. Nimesukuma mimi.

Mpole wa Nyegezi

Mama Dagaa, hayo mafriji yanapatikana wapi kwa sasa? Kadi hayana?

Mama Dagaa Kirumba

Friji halina kadi baba, lina waya tu. Kuna moja kwa dada yangu Mkuyuni analiuza, anahamia Musoma.

Kaka Inverta

Linagandisha samaki au ni la kupoozea soda tu?

Mama Dagaa Kirumba

Linagandisha mpaka sato unamkata kwa msumeno. Mlango tu ndiyo unafungwa na kamba.

Kaka Inverta

Kamba siyo tatizo. Nakuja Jumamosi, mwambie asimwonyeshe mtu mwingine.

Mpole wa Nyegezi

Mimi niliuliza kwanza.