Sanamu za mji wenu: ushawahi kusimama ukaitazama hata moja? Tupeane uzoefu

Mzururaji

Wakuu, salaam.

Nilikuwa Songea kumsindikiza shemeji kwenye mambo ya mahari. Wazee wakajifungia ndani na mazungumzo yao, sisi wabeba kreti tukaambiwa turudi saa kumi. Jua linawaka, simu imezima. Nikamuuliza bodaboda hapa mjini kuna nini cha kuona, akanipeleka Makumbusho ya Majimaji. Njiani ananiambia yeye kazaliwa jirani na pale, ila huingia Februari tu, siku za maadhimisho, kwa sababu ya ngoma.

Nilitegemea makabati ya vioo. Kilichonishika kiko nje: sanamu za viongozi wa Wangoni, kuanzia kifuani kwenda juu. Nikaanza kuzipita kama mgeni rasmi anayekagua gwaride, mikono nyuma. Baadaye nikaanza kusoma majina kwa sauti. Nilipofika kwa Mbano nikanyamaza. Nyumba tuliyowaacha wazee wamejifungia ni ya akina Mbano.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale mashujaa 67. Kaburi la halaiki lipo, na Nduna Songea Mbano ana kaburi lake peke yake. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais Steinmeier alifika hapo akaomba msamaha, nami habari hiyo niliisikia redioni nikiwa napiga pasi, ikapita kama matokeo ya mechi ya timu nisiyoishabikia.

Nilirudi saa kumi na moja kasoro, nikapigwa faini ya kreti moja ya soda. Nililipa bila ubishi.

Leteni na nyie. Masharti mawili: sanamu iwe nje, na uwe umeisogelea mwenyewe. Miji midogo ipewe kipaumbele, ya majiji tumeyachoka.

Ngalawa Moja

Mwanza tunashukia "kwa Samaki" kila siku ya Mungu na sijawahi kuangalia kama yule ni sangara au sato.

Mzururaji

Mwanza ni jiji, mkuu. Kaangalie kwanza ndiyo urudi.

Bi Ukumbi

Asalaam aleikum. Mie wa Unguja, na nakiri kosa. Mkunazini nimepita tangu natumwa sukari, na pale kwenye kanisa la Anglikana kulipokuwa soko la watumwa sikuwahi kuingia. Nilijua kuna masanamu, nikayaweka kwenye fungu la mambo ya watalii, pamoja na kofia za ukili na safari za pomboo.

Akaja wifi yangu kutoka Mombasa. Yule mtu akishuka boti hataki chai, anataka kutembezwa. Basi tukaingia.

Sanamu ziko ndani ya shimo lililochimbwa uwanjani, watu watano, shingoni wamefungwa mnyororo. Kazitengeneza msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, 1998. Mtembezaji akatwambia ule mnyororo ni wa kweli wa zama zile, haukutengenezwa kwa ajili ya sanamu. Hapo wifi, ambaye tangu bandarini hajafunga mdomo, akanyamaza.

Nawaambieni kitu ambacho picha haikupi. Sanamu nyingi huwekwa juu ya jiwe, wewe chini, unanyanyua shingo kama unayemwomba mtu kazi. Hawa wamo chini yako. Unasimama ukingoni ukiwatazama kwa juu, na baada ya dakika mbili unahisi umesimama pale pale aliposimama mnunuzi. Mie nilirudi nyuma hatua. Wifi akachutama kabisa, mkono kashika buibui lisiburure, akawa anawatazama usoni mmoja mmoja.

Soko lilifungwa 1873. Bibi yake bibi yangu alikuwa hai. Kwetu hakuna anayetaka kusema alikuwa upande gani wa mnyororo, na siku ile nilipouliza nyumbani niliambiwa nikaangalie wali usiungue.

Kaskazi Kusi

Malindi kuna nguzo ya Vasco da Gama, juu ya mwamba, msalaba wake wa mawe ya Lisbon. Alifika 1498. Tulikuwa tukienda kuvua hapo chini, wageni wakipiga picha juu. Hatukuuliza nguzo ni ya nani, tuliuliza chambo kiko wapi.

Daktari wa Ng'ombe

Hiyo ni nguzo, si sanamu.

Kaskazi Kusi

Haya, ifute basi wewe, imekaa zaidi ya miaka 500.

Reli ya Kati

Ujiji je? Pale chini ya miembe kuna mnara wa Livingstone na Stanley, walikutana 1871. Nilipokwenda nikiwa mwanafunzi, ndani ya nyumba ya makumbusho walikuwepo wote wawili ukubwa wa mtu mzima, wamevuliana kofia. Najua sharti ni nje, lakini naomba mnisamehe, maana nilipoingia kutoka juani nikasema "shikamoo". Darasa zima walinisikia. Hadi namaliza shule jina langu lilikuwa Stanley.

Mzururaji

Umesamehewa, Stanley.

Mwiko na Kamba

Mimi niko upande wa pili wa uzi huu. Mimi ndiye mtengenezaji. Simba wa saruji, twiga, chui wa getini, mwanamke wa mtungi, tai wa kwenye baa. Sijasomea, nilianza kama saidia fundi nikawa nabakiwa na udongo.

Wengi mnadhani tunamimina saruji kwenye umbo. Hapana. Unaanza na mifupa: nondo za milimita 10 zimekunjwa na kufungwa kwa waya, halafu unavalisha wavu wa kuku. Tumboni tunajaza mifuko mitupu ya saruji iliyokunjwa, la sivyo simba mmoja anakula mifuko ya kujenga choo. Plasta ya kwanza ni ya kushika tu, unairusha kwa nguvu iingie kwenye wavu. Ya pili ndiyo nyama. Hapo lazima usubiri ianze kushika: ukiwahi inaporomoka, ukichelewa haichongeki. Una kama saa moja na nusu, chini ya hapo jua likiwa kali. Manyoya ya shingoni nayavuta kwa uma wa kulia chakula. Macho ni gololi, naziweka zikiwa zimelowa. Halafu magunia mabichi siku saba, asubuhi na jioni, kama mgonjwa wa homa.

Mkiwa pwani angalieni miguu ya sanamu. Mkiona ufa mwembamba wima wenye alama ya kahawia, ujue nondo imeshaanza kula kutu, inafura na kupasua saruji kutoka ndani. Mara nyingi ni mchanga wa baharini uliotumika bila kuoshwa. Kupaka rangi juu yake ni kumpaka poda mwenye jipu.

Sasa kisa changu. Niliitwa kwenye mji mmoja, siutaji, mbele ya ofisi moja, siitaji, nitengeneze simba wa kwenye mzunguko. Malipo nusu mwanzo, nusu mwisho. Kulikuwa na mgeni mkubwa anakuja Jumatatu. Mimi nilisema siku kumi na nne, wao wakasema tano. Usiku wa tatu, plasta ya shingo haijashika, mvua ikapiga. Asubuhi nikakuta manyoya yameshuka yote, yamelala pande mbili za uso kama masikio. Nikaomba nivunje kichwa nianze upya. Nikaambiwa hakuna muda, na nilipoondoka kula, mtu akapewa brashi na rangi iliyobaki ya ukuta, akampaka chote hadi gololi.

Nusu ya pili sikuipata, kwa kuwa "kazi haina kiwango".

Yuko pale mpaka leo. Makondakta wanapaita "kwa Mbwa".

Daktari wa Ng'ombe

Pole fundi. Nimecheka halafu nikajisikia vibaya.

Mbio za Asubuhi

Fundi, njoo Eldoret tukufariji. Agosti 2024 mji wetu ukijiandaa kufanywa jiji, ziliwekwa sanamu za kuenzi wanariadha. Huu ndio mji wa wakimbiaji, kila mtu hapa ana binamu anayekimbia, kwa hivyo kila mtu ni jaji. Nilipita nikiwa mazoezini, nikasimamisha saa yangu, na mimi huwa sisimamishi saa hata nikikutana na mkwe. Paja halikuwa la mkimbiaji. Mkimbiaji wa mbio ndefu hana paja la vile, ana kamba. Mabega nayo yalikuwa yamepanda masikioni kama ya mtu anayesikia baridi. Kocha wangu angemrudisha nyumbani.

Mtandaoni watu walicheka siku mbili mfululizo, na kabla ya sherehe sanamu zikaondolewa. Wengi wanakumbuka kicheko. Mimi nakumbuka kwamba aliyezitengeneza labda naye alipewa siku tano.

Ngalawa Moja

Si nyie tu. Ile ya Mwalimu pale makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, ilipozinduliwa Februari 2024 Watanzania tuligawanyika nusu kwa nusu: anafanana, hafanani. Baba yangu mdogo alitoa noti ya zamani kwenye Biblia yake kulinganisha.

Mto Pangani

Nami nichangie kutoka baridini. Kwetu ni Pangani, kwa sasa niko masomoni Göttingen. Jumapili moja wenzangu walinichukua kutembea milima ya Harz. Tukashukia kimji kinaitwa Bad Lauterberg, kimji cha kupumzikia, wazee wengi, keki nyingi. Wenzangu wakaingia kununua kahawa, mimi nikaenda bustanini nikale mkate wangu, maana bei ya kahawa yao naijua.

Mbele yangu sanamu ya shaba ya mwanajeshi. Nikasoma jina huku natafuna: Hermann von Wissmann. Mkate ulinikwama.

Kwa wasiomjua: huyu ndiye aliyetumwa na Bismarck, chansela wa Ujerumani, 1889 kuzima vita vya watu wa pwani. Mwezi Desemba mwaka huohuo Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita hivyo, alinyongwa Pangani. Babu yangu akimtaja Abushiri hushusha sauti, kama vile askari bado wako barazani. Na hapa huyo aliyemnyonga kasimama tangu 1908 kati ya maua yaliyokatwa vizuri, njiwa begani.

Dar nako alikuwa na sanamu yake, chini yake kuna askari Mwafrika na simba. Waingereza walipoingia 1916 haikubaki. Wao wakaweka ile ya Askari mwaka 1927, ambayo wote mnaijua. Ya Wissmann ikaishia Hamburg mbele ya chuo kikuu, wanafunzi wakaja kuivuta kwa kamba mpaka ikalala, 1968 ikawa mwisho wake. Hii ya kimjini haikuguswa na kamba hiyo.

Akaja bibi mmoja na kijibwa chake, akaniuliza kama nimepotea. Kwa Kijerumani changu cha kuokoteza nikamwambia, hapana, huyu ninamjua, alimnyonga mtu wa mji wetu. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akamtazama yule wa shaba, akanitazama mimi, akasema anapita hapo tangu yuko shule. Kisha akakaa kwenye benchi, upande wa pili, kijibwa mapajani. Hakuondoka mpaka wenzangu walipokuja na vikombe vyao.

Bi Ukumbi

Allah. Hiyo ya njiwa begani imeniuma kuliko yote.

Mzururaji

Mto Pangani, asante. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa mama.

Kuna aliyeniuliza pembeni niongeze ushauri kwa wanaotaka kwenda kuzitazama. Sina mwingi. Nenda asubuhi mapema au jioni, jua la utosini linafuta sura yote. Zunguka mpaka mgongoni, huko ndiko fundi alikochoka na ndiko utaona amefanyaje. Kama iko mbele ya ofisi, omba kwanza kabla ya kutoa simu, msije mkaniletea lawama.

Saa Sita Kasoro

Fundi Mwiko, samahani kukurudisha nyuma. Huo mzunguko, upande mmoja kuna kituo cha mafuta, upande mwingine mama anauza vitumbua chini ya mwavuli wa njano?

Mwiko na Kamba

Mama wa vitumbua yupo, tangu wakati ule. Nilikula kwake kwa mkopo siku zote tano.

Saa Sita Kasoro

Napandia gari pale mwaka wa nne sasa. Kumbe yule ni simba?

Mwiko na Kamba

Ni simba, ndugu yangu. Angalia mkia. Mkia niliumaliza kabla ya mvua.