Hitma ya Maalim: gumzo la kikundi cha ukoo, Wete, Pemba

*Jumatatu, 16 Februari 2026*

Shangazi Wete 16:12
Asalaam alaykum. Kesho tarehe 17, miaka 5 tangu atutoke Maalim Seif. Hitma kwa Bibi baada ya laasiri, asije mtu akanambia hakuambiwa. Ramadhani iko mlangoni, kwa hivyo siku hatuisogezi.

Mjomba Chake 16:15
Waalaykum salaam. Mie naja na mikate ya ufuta. Halua nani?

Ami wa Unguja 16:20
Watu wa Wete mnauliza halua? 😄

Shangazi Wete 16:22
Halua ipo. Kitinda kaandika wasifu, tutausoma baada ya dua. Mwanangu uweke hapa wakubwa wauone.

Kitinda 16:41
Shikamooni nyote 🙏
"Marehemu Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alizaliwa Mtambwe tarehe 22 Oktoba 1943. Alikuwa Waziri Kiongozi kuanzia 1984 hadi 1988 na aligombea urais wa Zanzibar mara 6. Alifariki Muhimbili, Dar es Salaam, tarehe 17 Februari 2021, akazikwa kwao Mtambwe."

Mjomba Chake 16:44
Marahaba. Ualimu umeupeleka wapi?

Kitinda 16:45
Si ilikuwa zamani sana Mjomba? Nimeanzia kwenye vyeo.

Mjomba Chake 16:46
Na hilo "Maalim" unadhani ni jina la babake?

Kaka Dar 16:46
Chajini simu, Mjomba kaanza 😂

Mjomba Chake 16:53
Cheka tu. Sikiliza mwanangu. Kamaliza kidato cha sita King George, hiyo Lumumba ya leo, mwaka 1963. Mapinduzi yakaingia, Waingereza wakaenda zao, skuli na afisi hazina watu. Kijana wa kwenda chuo kikuu akaambiwa subiri, kafundishe kwanza. Kafundisha Lumumba, kafundisha Fidel Castro hapa Vitongoji. Chuo Kikuu cha Dar kaingia 1972, katoka 1975. Mie niliingia Fidel Castro yeye keshaondoka, lakini walimu wetu walikuwa bado wanamtaja. Uwaziri wa Elimu ukaja 1977. Vyeo vyote vile alivyopewa na kunyang'anywa, na watu walibaki na Maalim tu.

Ami wa Unguja 17:02
Na Baraza la Wawakilishi uliweke. Lilipoanza 1980 yeye alikuwamo. Katiba ya 1984, hii hii tunayovutana nayo kila siku, imepita yeye Waziri Kiongozi.

Shangazi Wete 17:03
Mwenye kadi ya kijani ya CCM kanena!

Ami wa Unguja 17:04
Na yeye alikuwa nayo mpaka walipomfukuza 1988, dada. Usijisahaulishe.

Kitinda 17:06
Na jela niandike?

Shangazi Wete 17:06
Andika. Mei 1989 mpaka Novemba 1991.

Ami wa Unguja 17:07
Andika, ila kwa adabu.

Kitinda 17:09
Sasa samahanini wakubwa. Kagombea mara 6 na hakutangazwa hata moja. Mtu akiniuliza kubwa alilolifanya ni lipi, nijibu nini?

Shangazi Wete 17:31
Muulize Ami yako kuhusu harusi yangu.

Kaka Dar 17:32
👀

Ami wa Unguja 17:40
Ilikuwa 1996. Sikwenda.

Shangazi Wete 17:42
Kakangu wa tumbo moja. Sahani yake niliifunika kawa mpaka magharibi.

Ami wa Unguja 17:49
Kitinda wewe hukuwapo. Baada ya uchaguzi wa 1995 watu hapa hawakuzikana. Duka la mtu wa CUF, chama cha Maalim wakati ule, mtu wa CCM haingii, na la CCM hivyo hivyo. Mie nilikuwa mtumishi wa serikali, nikaona nikionekana Wete kwenye ile harusi nitaambiwa maneno. Niliogopa, basi. Sina jina jengine la kulipa.

Ami wa Unguja 17:55
Maalim sikumpa kura hata siku moja, na hilo nalisema wazi. Lakini tarehe 5 Novemba 2009 alipokwenda Ikulu kwa Rais Amani Karume wakakaa wawili, na wafuasi wake wengine wamemkasirikia, nilisema huyu kajitia kwenye moto wa watu wake mwenyewe. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 nilipiga NDIYO. Ndiyo zilipata asilimia 66.4, na moja ni yangu. Ndipo katiba ikabadilishwa, ikaja serikali ya umoja na hicho cheo cha Makamu wa Kwanza ulichoanza nacho.

Shangazi Wete 17:58
Na Idi ya mwaka ule akatokea mlangoni na kanga doti mbili, hana la kusema. Nikamwambia ingia, chai inapoa.

Mjomba Chake 18:03
Ila tusimfanye malaika. Marudio ya uchaguzi ya Machi 2016 aliposusia, mie nilimlaumu na namlaumu mpaka kesho. Tulikaa miaka minne na zaidi hatuna mtu ndani ya serikali.

Shangazi Wete 18:04
Uchaguzi wa 2015 umefutwa, ulitaka arudi kwa uso gani?

Mjomba Chake 18:04
Uso wa mwenye watu nyuma yake!

Kitinda 18:09
Bibi kanishika mkono, anasema niandike maneno yake kama yalivyo: "Mnagombania nini na mtu keshalala Mtambwe? Iandikeni na korona. Wenziwe wakisema changamoto ya kupumua, yeye alitoka akasema naumwa korona. Mie ndipo nilipoanza kuvaa barakoa. Na sukari mleteni, imebaki kikombe kimoja."

Kaka Dar 18:11
Sukari natuma hela sasa hivi Bibi.

Kitinda 18:30
Nimeanza upya:
"Maalim Seif Sharif Hamad alikuwa mwalimu wa skuli. Alipotaka kwenda chuo kikuu aliambiwa asubiri, akasubiri miaka 8 akiwa darasani."
Na ya harusi niiweke?

Shangazi Wete 18:31
Hiyo aisome Ami yako mwenyewe.

Ami wa Unguja 18:38
Nakuja na boti ya asubuhi. Mkoani nani ananipokea?

Mjomba Chake 18:39
Mie shemegi. Lakini ukinianzia habari za 2016 garini, nakushusha Chake.

Ami wa Unguja 18:39
Aliyeanza nani?