Naomba ushauri: kumwachisha mtu pombe ya kuletea usingizi

Wakuu, pombe inalaza haraka, hilo halina ubishi. Tatizo linaanza usiku wa manane. Ini huondoa takriban kinywaji kimoja kwa saa, kwa hiyo glasi 3 za saa 4 usiku zinakwisha mwilini kama saa 7 au 8, na ubongo uliokuwa umetulizwa unazinduka: macho kodo, jasho, moyo unadunda, kibofu kimejaa. Kukoroma ndiyo usiseme, maana misuli ya koo imelegea.

Kuwahisha glasi ya mwisho, iwe saa 12 jioni, kunasaidia. Lakini mnywaji wa kila siku akikata ghafla, usingizi unapotea siku za mwanzo. Aliyezoea nyingi anaweza kutetemeka hata kupata degedege. Huyo ni wa daktari kwanza. Vidonge vya usingizi juu ya pombe sitaki hata kusikia, pumzi inaweza kukata.

Sasa, kwa wa glasi 3 kila usiku, mnapunguza kwa kasi gani? Glasi moja kwa wiki au taratibu zaidi? Na siku zile za kukodoa macho mnamvusha vipi bila dawa?