Nifunge AI ijibu wateja wa duka WhatsApp au napigwa?

MzeeWaSpea: Wakuu habari za mchana. Nina duka la spea za pikipiki Kariakoo, jumla na rejareja, wateja wengi wako mikoani, wengine Zambia na Lubumbashi, oda karibu zote zinaingia WhatsApp. Kuna dogo kaja dukani anasema atanifungia AI ijibu wateja mchana na usiku, nalipia kila mwezi tena kwa dola. Dada anayeshika simu anazidiwa, na meseji za usiku zinalala mpaka asubuhi unakuta mteja kashanunua kwa jirani. Mliojaribu mnasemaje? Na huyu dada nimpunguze au?

fundi_mifumo: Mkuu kabla ya dola, niambie stoo yako iko wapi. Kama bei na idadi ya mzigo viko kwenye daftari na vingine unavyo kichwani, hiyo AI itajibu kwa kuangalia wapi? Hii mitambo isipopewa orodha ya kweli inatunga jibu na inalitunga kwa kujiamini kabisa. Mteja wa Mbeya anauliza seti ya cheni ya Boxer, inamwambia ipo bosi karibu sana, jamaa kalipa lipa namba, mzigo hakuna. Hapo atakayetukanwa ni wewe. Air Canada yaliwakuta, roboti yao ya mtandaoni ilimpa abiria maelezo ya uongo kuhusu nauli ya msiba, kampuni ikajitetea kama vile ile roboti inajitegemea kwa inachosema, baraza la huko British Columbia likawakatalia mwaka 2024 wakaambiwa walipe. Na wale ni kampuni ya ndege yenye wanasheria wake.

kobe_mtupu: 😂😂 itajibu "mambo" "poa" na bodaboda wa Gairo mpaka bando liishe

MamaVitenge_Kongo: Kaka mimi niko mtaa wa Kongo nauza vitenge, naitumia AI ila sio kwa namna ya huyo dogo. Wateja wa Lubumbashi wakiandika Kifaransa kirefu nakipitisha humo napata Kiswahili, namjibu, oda inatoka. Maneno ya kupostia mzigo mpya pia inaniandikia, ila lazima uyapunguze maana inaandika kama tangazo la redio ya zamani. Kujibu wateja yenyewe nilijaribu nikaizima. Mteja kasema anapita saa tatu asubuhi kuchukua mzigo, yenyewe ikaandika saa 3:00 ya Kizungu, yaani usiku wa manane! Halafu "bei ya mwisho?", inarudia bei ileile kwa adabu, mara tatu. Mteja wa Kariakoo usipomtania hata kidogo anaondoka, hata kama ungemshushia buku tu angenunua. Dada usimtoe, yeye ndo anajua nani anakopa harudishi.

MzeeWaSpea: Dada yangu hapo kwenye bei ya mwisho umenikamata 😅 Vipi voisi? Wengi hawaandiki, wanatuma voisi wako barabarani pikipiki inanguruma, au picha ya spea imejaa grisi.

fundi_mifumo: Voisi yenye kelele na Kiswahili cha mtaani itakosea sana, picha ya grisi ndo usiseme. Anza hivi: huyo dada aingize stoo yote kwenye Eksel, jina la spea, pikipiki gani, bei, idadi. Kazi ya kuchosha ila ukimaliza hiyo hata bila AI utashangaa mzigo gani umekufa rafuni. Baada ya hapo roboti iwe ya usiku tu, ipokee oda na kusema utathibitishiwa asubuhi, isiguse bei wala hela. Klarna, kampuni ya malipo ya mtandaoni ya Sweden, walijisifu 2024 kwamba AI yao inafanya kazi ya watu 700, mwaka uliofuata wakaanza kuajiri watu tena.

wakili_kijiweni: Na muulize huyo dogo namba na majina ya wateja yanahifadhiwa nchi gani. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuzipeleka nje kuna masharti yake. Akianza kujiumauma hapo mwambie arudi na maandishi.

MzeeWaSpea: Sawa wakuu. Fundi hiyo Eksel inakubali kwenye simu au mpaka ninunue laptopu?

fundi_mifumo: Simu inatosha kuanzia mkuu.